Dalili ya Mvua ni Mawingu. Dalili ya Viza ni Nini?

Anayepanga safari ya kwenda nchi ya joto hukabiliwa na mambo mawili asiyoyatawala: mbingu na mlango. Mbingu humpa jua au mvua. Mlango humpa muhuri au humrudisha alikotoka. Wazee wetu walizihofia zaidi mbingu, kwa kuwa hazina mtu wa kulalamikiwa. Mlango unaye mwenyewe. Una ofisa, una wizara, na una sheria iliyoandikwa na watu, ambayo watu haohao wanaweza kuiandika upya. Kwa mantiki hiyo tungetarajia habari za mlango ziwe rahisi kujulikana kuliko habari za mbingu. Mambo yamekuwa kinyume. Mwanafunzi wangu anayetaka kwenda Accra mwezi Juni anaweza kujua leo kwamba atanyeshewa. Hawezi kujua kwa uhakika uleule ni karatasi zipi zitakazomfungulia njia.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Viza ni kazi ya mikono ya binadamu. Kwa hiyo kutotabirika kwake ni uamuzi wa watu, wala si maumbile. Ni uamuzi wa serikali za mbali, ambazo tunazilaumu kila siku, na ni uamuzi wa serikali zetu za Afrika, ambazo hatuzilaumu vya kutosha. Nitaanza na mbingu, kwa kuwa ndizo zitakazotupa kipimo cha kuupimia mlango.

Nchi za tropiki ni zile zilizo kati ya Tropiki ya Kansa kaskazini na Tropiki ya Kaprikoni kusini. Katika eneo hilo jua hupita utosini walau mara moja kwa mwaka, na ukanda wa mvua hulifuata likienda kaskazini na likirudi kusini. Ndiyo maana mgeni anayeuliza kama Desemba ni majira ya baridi hapa kwetu huwa amekosea swali. La kuulizwa katika nchi hizi ni mvua au ukavu, na ni mwezi gani. Katika pwani ya kaskazini na nyanda za kaskazini mwa Tanzania, ukanda huo hutuletea mvua mara mbili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kusini, magharibi na katikati mwa nchi huja msimu mmoja mrefu, wa Novemba hadi Aprili. Atakayefika Arusha mwezi Aprili atakuta barabara za mbugani zimegeuka tope. Atakayefika Julai atakuta kipupwe, vumbi, na usiku unaohitaji sweta.

Sasa tuvuke bara. Accra ipo karibu nyuzi tano na nusu kaskazini mwa ikweta, nayo ina misimu miwili ya mvua kama Dar es Salaam, ila kalenda yake ni nyingine. Mvua kubwa hupanda kuanzia Aprili na kufikia kilele Juni; Agosti huwa na utulivu; mvua ndogo hurudi Septemba na kuishia karibu na Novemba. Kati ya Desemba na Februari huvuma Harmattan, upepo mkavu unaobeba vumbi la Sahara na kukausha midomo ya watu. Accra hupata takriban milimita 800 za mvua kwa mwaka, pungufu ya Dar es Salaam inayopata zaidi ya 1,000, ingawa Axim, mji wa pwani ya Ghana upande wa magharibi, hupata zaidi ya mara mbili ya Accra. Haya yote yamo katika vitabu vya jiografia. Kila mwenye simu anaweza kuyapata bila kuandika barua ya utambulisho na bila kueleza baba yake anafanya kazi gani.

Aidha, taasisi zinazoshughulika na mbingu zimejifunza kusema mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu kabla msimu haujaanza, ikieleza ni maeneo gani yanatarajiwa kupata mvua za wastani, za juu ya wastani au za chini ya wastani. Vuli ya 2023 ilipozidishwa nguvu na El Niño, neno hilo lilikuwa limeshasikika redioni kabla mafuriko hayajaja. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, wavuvi na wenye vyombo vya majini walikuwa wamekwisha kuonywa. Utabiri hukosea, na mabadiliko ya tabianchi yanaivuruga kalenda tuliyoizoea. Hata hivyo, mtabiri anapokosea tunajua alisema nini, alisema lini na kwa msingi gani. Dalili ya mvua ni mawingu, na siku hizi mawingu yenyewe yana msemaji.

Safari za pwani yetu zilijengwa juu ya elimu hiyo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kati ya Desemba na Machi. Kusi iliyarudisha kuanzia Aprili. Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ratiba yake ilikuwa ya pepo hizo. Sisemi kwamba enzi ile milango yote ilikuwa wazi. Masultani wa Kilwa walitoza ushuru, na katika vyombo vilivyosukumwa na pepo zizo hizo walikuwamo watumwa, ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kusafiri. Ninalosema ni kwamba aliyesafiri kwa hiari yake alipanga safari kwanza kwa kuuliza upepo. Utaratibu wa pasipoti na viza, ambao leo tunauona kama sehemu ya maumbile, ulikomaa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mkutano uliofanyika Paris mwaka 1920 chini ya Shirikisho la Mataifa ndio uliojaribu kuiwekea pasipoti sura moja. Sehemu kubwa ya Afrika, ikiwa chini ya ukoloni, haikuwa na sauti katika meza ile. Tuliurithi utaratibu huo pamoja na mipaka yetu, na tumeulinda kwa bidii kuliko waliotuachia.

Tumtazame sasa mgeni wa kutoka nchi tajiri anayepanga kuja kwetu. Akiwa sebuleni kwake anafungua tovuti ya Uhamiaji na kulipa dola 50 za viza ya kawaida ya matembezi, au dola 100 akiwa Mmarekani. Akitaka kwenda Zanzibar ataongeza bima ya dola 44, ambayo ni ya lazima tangu 1 Oktoba 2024. Anaweza kunung’unikia gharama hizo, na pengine ana haki. Lakini bei anaijua, njia anaijua, na muda wake uliobaki anautumia kuchagua mwezi. Aje Februari awaone nyumbu wakizaa upande wa Ndutu, au aje Agosti awaone wakivuka Mto Mara? Kwake yeye safari ya nchi ya joto ni swali la mbingu.

Kijana wetu hafiki kwenye swali hilo tamu. Katika miaka yangu ya kufundisha nimeandika barua za utambulisho kwa balozi nyingi, na orodha ya viambatisho ninaijua kwa moyo: pasipoti iliyobakiza walau miezi sita, barua ya mwaliko, barua ya chuo, tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, bima, na taarifa ya benki. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaangusha wengi. Mtoto wa mkulima wa viazi wa Njombe anatoka katika nyumba yenye mali, ila mali yenyewe ipo ardhini, ikingoja mavuno na bei nzuri. Taarifa ya benki haina safu ya kuandikia viazi. Mtu ambaye kijiji kizima kinamjua kuwa wa kwao wanazo, karatasi inamwona fukara. Na ofisa ambaye hajawahi kuiona Njombe anahitimisha kwamba asiye na akiba benki hatarudi nyumbani.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye sitamtaja yeye wala ubalozi uliohusika, alialikwa kuwasilisha utafiti wake katika kongamano la kimataifa. Waandaaji walimlipia tiketi. Aliomba viza wiki tisa kabla ya siku ya safari, akapeleka kila karatasi aliyotakiwa, kisha akangoja. Simu zake hazikupokelewa, barua pepe zake hazikujibiwa. Pasipoti ilirudi na viza ndani yake, sahihi kabisa, siku mbili baada ya kongamano kufungwa. Katika hesabu za ubalozi ule yeye ni mtu aliyekubaliwa. Tiketi ilipotea, jina lake lilisomwa ukumbini na kurukwa, na mwaka uliofuata waandaaji wakaalika watu wa nchi zisizo na usumbufu. Hasara hiyo ya mwisho haiandikwi popote. Hakuna takwimu za watu walioacha kualikwa, wala za vijana walioacha kuomba kwa kuwa wenzao waliumia. Msafiri maskini, ajapokuwa sultani, walisema wahenga. Huyu alikuwa maskini kabla hajaufikia uwanja wa ndege.

Na haya yote yana bei. Ada ya viza ya Schengen ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Haki ya kusema inanilazimu kuongeza kwamba sheria ya Schengen inaweka muda wa kuamua, siku 15 ambazo zinaweza kurefushwa hadi 45, na inamtaka ofisa ampe aliyekataliwa fomu yenye sababu pamoja na njia ya kukata rufaa. Mara nyingi sababu hiyo ni kisanduku kilichotiwa alama tu, lakini kisanduku kipo, na mtu anaweza kukipinga. Nauliza: ni balozi ngapi za nchi za Afrika zinazompa Mwafrika aliyekataliwa hata kisanduku hicho?

Hapa ndipo tunapopaswa kujitazama wenyewe. Januari 2018, mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Uhuru wa Watu Kutembea, Haki ya Ukaazi na Haki ya Makazi. Nchi nyingi zilitia saini mbele ya kamera. Ili itifaki ianze kutumika inahitaji kuridhiwa na nchi 15. Miaka sita baadaye zilizoridhia zilikuwa nne: Rwanda, Niger, Mali, na São Tomé na Príncipe. Pasipoti ya Umoja wa Afrika, iliyozinduliwa Kigali Julai 2016 kwa mbwembwe, mwananchi wa kawaida hajaigusa. Wakuu wetu walisaini ndoto ya wananchi, kisha wakaifungia kabatini.

Zipo nchi zilizoamua bila kungoja wengine. Rwanda, Benin, Gambia na Ushelisheli zimewafungulia Waafrika wote bila viza. Ghana ilianza mwaka 2016 kwa kuwapa raia wa nchi za Umoja wa Afrika viza wanapowasili, na Januari 2025 Rais Nana Akufo-Addo, akiwa anaondoka madarakani, alitangaza kwamba Waafrika wataingia bila viza. Ni habari njema. Hata hivyo, msafiri makini hasafiri kwa tangazo. Anauliza ubalozi, anauliza shirika la ndege, anauliza na mji wa katikati, Addis Ababa au Nairobi, ambako atabadili ndege, kwa sababu karani wa kaunta ndiye atakayemzuia, naye hufuata mwongozo uliopo kwenye kompyuta yake.

Kenya inatupa somo jingine. Desemba 2023 ilitangaza kufuta viza kwa wageni wa dunia nzima kuanzia Januari 2024. Mahali pa viza pakawekwa kibali cha kielektroniki cha safari cha dola 30, ambacho msafiri alitakiwa kukiomba kabla ya kuondoka kwao. Raia wa Afrika Mashariki hawakuguswa, lakini Waafrika wengine ambao awali waliingia Nairobi bila viza na bila malipo walijikuta wanajaza fomu na kulipa, kwa jina la kufunguliwa mlango. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilirekebisha jambo hilo na kuziondolea nchi nyingi za Afrika sharti hilo. Tusihadaiwe na majina. Mlango hupimwa kwa kile anachotakiwa kuonyesha anayeubisha.

Na Tanzania je? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa; sisi tulibaki nje ya mpango huo. Nchi hizo tatu zilianzisha viza moja ya utalii, ya dola 100 na siku 90. Humo nako tulibaki nje. Mfanyabiashara wa Namanga mwenye kitambulisho cha taifa mfukoni anahitaji hati nyingine ili aende mbali na mpaka. Sisemi kwamba tahadhari yetu haikuwa na sababu. Nasema kwamba sababu hizo zingewekwa mezani, zijadiliwe, na zipitiwe upya kila baada ya muda, badala ya kuachwa zigeuke mazoea.

Najua hoja zitakazotolewa. Watasema usalama. Lakini mhalifu mwenye fedha huwa na karatasi safi kuliko mwanafunzi, na ushirikiano wa taarifa kati ya polisi wa nchi mbili humnasa vizuri kuliko taarifa ya benki. Watasema ajira zitachukuliwa. Kuingia kwa siku 30 au 90 si kibali cha kazi. Sheria za kazi zipo na zitabaki. Watasema mapato ya ada. Mgeni anayelala hoteli siku tano, akala, akapanda teksi na kununua kitenge, huacha nchini fedha nyingi kuliko ada ya kibandiko. Watasema lazima iwe nipe nikupe. Hoja hiyo ina uzito tunapozungumza na mataifa yenye nguvu; baina ya ndugu wanaongojeana, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie kufungua, hutuacha sote nje.

Kwenu ndugu zangu watumishi wa umma, hasa mnaoandaa miongozo hii katika wizara, sidai muifute mipaka. Nadai mlango uige adabu ya utabiri wa hali ya hewa. Kwanza, kila ofisi ya viza itangaze muda wa mwisho wa kutoa uamuzi, na uamuzi ukichelewa ada irudishwe. Pili, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, katika lugha anayoielewa, na mahali pa kukata rufaa. Tatu, ofisi zitangaze kila mwaka zilipokea maombi mangapi, zilikataa mangapi, na zilichukua siku ngapi. Nne, uthibitisho wa uwezo usiwe wa benki pekee. Hati ya shamba, barua ya chama cha ushirika au dhamana ya chuo ziwe na thamani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Yanahitaji waraka na saini.

Na kwenu wanafunzi, hadi siku hiyo ifike, pangeni kinyumenyume. Anzeni na mlango, mmalize na mbingu. Pasipoti iombwe kabla ya mwaliko, si baada yake. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema: cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya chanjo, na tangu 2016 kinatambulika kwa maisha yote, Ghana hukitaka kwa kila anayeingia. Ulizeni masharti kwa maandishi na mhifadhi majibu. Msilipie tiketi isiyobadilika kabla viza haijatoka, wala msimfuate rafiki aliyesema kwamba yeye alipita bila shida. Usisafirie nyota ya mwenzio. Mkishamaliza hayo, tazameni kalenda ya mvua, na mkiweza, chagueni mwezi mzuri.

Anayekataliwa naye asinyamaze. Tunapofuatilia maombi ya viza yaliyopotea tunaona aibu, kana kwamba tumefeli mtihani, na aibu hiyo ndiyo inayoulinda utaratibu. Vyama vya wanafunzi na vya wanataaluma viweke kumbukumbu: nani aliomba, lini, alijibiwa nini. Kisha vipeleke kumbukumbu hizo kwa wabunge, wakiwamo wale wanaotuwakilisha katika Bunge la Afrika Mashariki na Bunge la Afrika, na viwaulize swali dogo. Itifaki ya 2018 inahitaji nchi kumi na tano. Ni nini kinachoizuia Tanzania kuwa mojawapo?